Bagi la Limbani: shajara ya miguu ya mbele

28 Desemba

Fremu ya bagi langu, kigari cha wazi cha njia mbaya ninachokitengeneza hapa Limbani, Pemba, iko juu ya vigogo vinne vya mnazi tangu wiki iliyopita. Nyuma kumeshakamilika: ekseli, giaboksi na injini ya sisi (cc) 657, vyote vya Keri iliyogongwa, gari ndogo ya mizigo ambayo wenzetu wa bara wanaiita Kirikuu. Mbele hakuna kitu. Limekaa kama ngalawa iliyovuliwa matengo.

Njia rahisi ingekuwa kufunga miguu ya mbele ya Keri kama ilivyo. Nimeikataa. Shokapu ya Keri inasimama wima na kichwa chake kinataka bodi ya gari juu yake, na kwenye bagi mahali hapo pana hewa tu. Halafu mchezo wake ni mfupi. Nataka tairi ipande na kushuka sentimita 20 kwa jumla, kwa sababu njia ninazozikusudia ni za mawe na mizizi ya mikarafuu. Kwa hiyo kila upande utakuwa na wishiboni mbili (mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na fremu), ya juu na ya chini, nitakazozitengeneza mwenyewe, na shokapu ya kulala baina yao. Kitakachobaki cha Keri ni habu (kitovu cha gurudumu), diski ya breki, reki ya stelingi (fimbo ya meno inayogeuza magurudumu) na lile goti la chuma linalobeba gurudumu.

Bin ami yangu amepita jioni, akalizunguka bagi mara mbili, akasema, "Vunjajungu tunakwenda nalo ufukweni Vumawimbi." Nikamwambia inshallah. Akasema inshallah yangu anaijua.

3 Januari

Leo sikuwasha mashine yoyote. Nimelaza plaiwudi sakafuni, nikachora bagi kwa mbele kwa ukubwa wake halisi, nusu moja tu, kwa chaki. Kisha nikakata vipande vya mbao nyembamba kuwa wishiboni na kupiga misumari kuwa pini. Mwanangu wa skuli ya msingi alidhani namtengenezea mchezo, na kwa kweli alicheza nao kuliko mimi.

Mbao hizo zimenifundisha zaidi ya mahesabu. Wishiboni ya chini ina sentimita 36 kutoka pini ya upande wa fremu hadi bolijointi (kiungo cha mpira wa chuma upande wa gurudumu), ya juu 28. Baina ya bolijointi mbili pana sentimita 22. Nikiinua tairi sentimita 10, ncha ya wishiboni ya chini inavutwa ndani sentimita 1.4, ya juu karibu 1.9. Ule nusu sentimita wa tofauti ndio unaolaza kichwa cha tairi ndani kwa digrii moja na kidogo. Ndicho ninachokitaka: bagi likiinama kwenye kona, tairi ya nje isisimame kwa ukingo wake. Nikizifanya mbili hizo urefu mmoja, tairi inabaki wima likiwa linapanda jiwe, lakini kwenye kona inainama pamoja na fremu.

Bolijointi ya juu nimeirudisha nyuma sentimita 2.3 kuliko ya chini. Hiyo ni digrii 6 za mlalo, na ndiyo inayofanya stelingi irudi katikati yenyewe ukiiachia. Baiskeli nayo ina mlalo wa namna hiyo, tazama uma wake wa mbele.

10 Januari

Suala la bomba la wishiboni. Dukani Wete nimepewa bomba la maji lililopakwa zinki, zuri, linang'aa, bei nafuu. Nimelirudisha. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Wako mafundi wanaokwambia kunywa maziwa kwanza. Nimeyanywa sana ujanani, na homa niliipata vilevile.

Nimepata bomba jeusi la inchi moja: nje milimita 33.4, unene wa ukuta milimita 3.4. Si bomba la mashindano, lina mshono ndani. Nimeamua mshono ukae ubavuni, sio juu wala chini, kwa sababu bomba likipinda ni mgongo na tumbo ndivyo vinavyovutwa na kubanwa zaidi.

Vikombe vya kushindilia bolijointi vinahitaji chuma kinene cha kukerezwa. Jamaa mmoja alinipa bure ekseli kuukuu ya lori. Niliigusisha kwenye jiwe la grainda kabla ya kumshukuru: cheche zikaruka fupi, zikapasuka kama fataki za Sikukuu, nyota juu ya nyota. Chuma cha namna hiyo kina kaboni nyingi. Ukikichomea bila kukipasha moto kwanza kinakuwa kigumu pembeni mwa mshono, kinapoa, kinapasuka kimyakimya, na utajua siku gurudumu linapokupita. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, matawi machache. Nimeagiza kipande cha chuma laini kutoka Unguja, na ile ekseli imekuwa nyundo.

17 Januari

Kalibu kwanza, yaani kifaa cha kushikia vipande mahali pake wakati wa kuchomea, wishiboni baadaye. Nimechukua kipande cha chuma chenye umbo la herufi I kilichobaki kwenye ujenzi wa jirani, nikakisawazisha kwa pimamaji, nikachomea juu yake vibao vya kushika pini mbili na kikombe mahali pake halisi. Siku nzima imekwenda kwa kitu ambacho hakitapanda gari kamwe.

Hata hivyo niliharibu wishiboni ya kwanza. Niliifunga kwenye kalibu, nikachomea kiungo cha kwanza chote kwa mkupuo, nikahamia cha pili, nikamaliza huku nikipiga mluzi. Nilipofungua klampu ikaruka kama mtego. Kikombe kilikuwa kimevutwa milimita 4 upande mmoja. Joto likipoa linavuta, na mimi nilikuwa nimevuta upande mmoja tu.

Zilizofuata nilizigusa kwa nukta kila kona, kisha nikachomea vipande vya sentimita mbili mbili kwa kupishana, juu, chini, kushoto, kulia, na nikaziacha zipoe ndani ya kalibu mpaka mkono ukae juu yake. Ya chini ya kulia na ya chini ya kushoto nimezilaza moja juu ya nyingine: pini zinaingia zote kwa vidole, bila nyundo.

19 Januari

Neno juu ya rodi za kuchomea. Kazi ya wishiboni naifanya kwa rodi za aina ya 7018, sio zile za 6013 za milango na madirisha. Lakini 7018 haipendi unyevu, na kisiwa hiki hakina kitu kingine. Rodi yenye unyevu inatia hidrojeni kwenye mshono, na hiyo nayo inapasua.

Nilikwenda kwa mzee wa bofulo. Mikate ikishatoka alfajiri tanuri lake linabaki na moto mwingi.

"Mzee, naomba uniwekee hivi vyuma humo saa mbili."

"Vina sumu?"

"Havigusi mikate, nimevitia kwenye kopo na kifuniko."

"Watu wakisema bofulo langu lanuka gereji, mwenye kuwajibu ni wewe."

Tanuri la mikate halifiki nyuzi 300 ambazo rodi zilizoloa zinahitaji, nalijua hilo. Zangu hazikuloa, ni pakiti mpya iliyofunguliwa siku mbili, na nilichotaka ni kuzifukuza jasho tu. Zikitoka naziweka kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, kavu, na natoa moja moja. Arki, ule moto wa umeme wa kuchomea, imetulia, hakuna vijitundu. Umeme wetu, unaotoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, ulikatika mara moja tu, tena nikiwa nakula.

24 Januari

Springi. Nimepata shokapu nne za pikipiki za magurudumu manne, zile za kutembezea wageni, zilizotumika. Mbili zinavuja, mbili ziko salama, na salama ni mbili ninazozihitaji.

Je, zitabeba? Nimepima mbele ya bagi kwa mizani ya gunia, watu wawili wamekaa: kilo 110 kila tairi. Tairi, habu na nusu ya wishiboni ni kilo 22, na hizo hazikai juu ya springi. Zinabaki 88. Shokapu imefungwa kwenye wishiboni ya chini sentimita 24 kutoka pini, kwenye mkono wa 36, na imelala digrii 20, kwa hiyo tairi ikitembea sentimita 10 yenyewe inabonyea 6.3 tu. Kama nyundo ya kung'olea msumari: unachopunguza kwenye safari unakilipa kwenye nguvu. Kilo 88 za tairini zinakuwa 140 kwenye springi.

Kuipima springi nilifanya hivi. Niliisimamisha kwenye kalibu, ubao juu, nikapandisha mfuko wa saruji wa kilo 50. Ikashuka sentimita 2. Mfuko wa pili, 2 nyingine. Basi ni kilo 25 kwa sentimita. Kilo 140 zitaibonyeza sentimita 5.6. Nataka bagi likisimama liwe limeshatumia sentimita 7 za tairi, yaani 4.4 za springi, ili tairi iwe na pa kushukia ikikuta shimo. Ile 1.2 iliyobaki naikaza mapema kwa nati ya chini ya springi. Hesabu zimefungana vizuri mno hata nikazirudia mara tatu nikitafuta kosa.

31 Januari

Juu ya goti la Keri kuna matundu mawili ambamo shokapu ya asili ilifungwa kwa bolti mbili. Nimetengeneza kibao cha bapa la milimita 8 kinachokaa palepale, kwa bolti zilezile, na juu yake fundi mkereza ametoboa tundu la mteremko la kupokea kichwa cha tairodi (fimbo inayounganisha reki na gurudumu) cha Hiace. Ndicho bolijointi yangu ya juu. Uzuri wake ni kwamba kina uzi: nikikizungusha ndani ya ncha ya wishiboni, tairi inalala au inasimama bila kukata kitu.

Bushi za pini, yaani vibomba ambamo pini zinazunguka, nimezikereza kwa nailoni. Mkereza aliuliza niache nafasi kiasi gani, nikamwambia ikae kama kidole kwenye pete: sehemu tano za mia za milimita. Nimezipachika jioni. Wishiboni inashuka yenyewe polepole, haitikisiki hata kidogo. Nimekaa naisukuma juu na chini kwa kidole mpaka adhana ya Isha. Bin ami aliponikuta alisema nimepata mtoto wa pili.

7 Februari

Kazi ya leo ni ile ambayo mafundi wengi wanairuka. Nimetoa springi, nimefunga ubao ulionyooka kwenye habu badala ya tairi, nikainua kwa jeki kidogo kidogo nikipima umbali wa ncha mbili za ubao kutoka kwenye kamba iliyovutwa kando ya bagi. Ukipanda jiwe kwa gurudumu moja, hutaki gurudumu hilo lijigeuze lenyewe.

Langu lilijigeuza. Likipanda sentimita 8, pua ya tairi, yaani ukingo wake wa mbele, ilitoka nje milimita 9. Kwa mwendo wa kasi, hiyo ni stelingi inayokunyang'anya gari. Sababu ni kwamba reki ilikuwa chini mno, tairodi inapita njia yake na wishiboni zinapita njia yao. Niliinua reki kwa washa (vipete vya chuma): milimita 5, ikapungua, 10, ikapungua, 15, ikawa chini ya milimita 2. Kwa 20 ikaanza kugeukia ndani. Nimerudi 15 na nimekata vibao vya kudumu.

Tairodi zilikuwa fupi. Nimeunganisha kwa bomba fupi la chuma lenye uzi ndani na nati za kufungia pande zote mbili. Tairodi haichomelewi. Atakayekuja na tairodi iliyochomewa kwenye gereji hii ataondoka nayo mkononi.

8 Februari

Limetembea! Nyuma ya shamba la familia, kwenye njia ya gari ya ng'ombe, kisha chini hadi kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa. Linapanda mizizi bila kukung'uta kiuno. Stelingi inarudi yenyewe. Nimepita madimbwi ya maji ya chumvi makusudi, kwenda na kurudi, watoto wanapiga kelele nyuma. Usiku mvua ilinyesha na nikaliacha nje, nimechoka.

13 Februari

Nimelibonyeza pua kwa mkono. Limeshuka. Halikurudi.

Nikadhani shokapu imekufa. Nimeitoa, inafanya kazi. Nikaishika wishiboni ya chini ya kulia peke yake, isiyo na springi, nikaiinua na kuiachia. Ilibaki hewani, imenyooka kama mkono wa trafiki. Wiki mbili zilizopita ilikuwa inashuka kwa uzito wake.

Nimetoa pini kwa nyundo na bomba. Bushi haikuwa na mchanga wala kutu. Venia, kipimo cha unene na matundu, ikasema tundu limepungua karibu sehemu 20 za mia za milimita. Nailoni inakunywa maji. Inakunywa hata ya hewani, sembuse ya mikokoni, na ikinywa inavimba. Kwa nje imebanwa na bomba la chuma, haina pa kwenda, ikavimbia ndani na kuing'ata pini. Ile nafasi ya kidole kwenye pete niliyojisifia ndiyo iliyolifunga bagi. Mkereza aliniuliza. Aliniuliza!

Ningeweza kupanua matundu na kuendelea. Lakini nailoni iliyoshiba ikikauka itasinyaa, na nitakuwa na wishiboni inayogonga kiangazi na kukwama masika.

15 Februari

Vunjajungu. Tumekwenda Vumawimbi kwa Keri nzima ya jirani, masufuria ya biriani nyuma, mimi nimekaa juu ya gunia la mkaa. Bin ami hakusema kitu mpaka tulipotoka msitu wa Ngezi. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama bushi za gari tuliyopanda ni za nailoni.

Ramadhani, kumi la kwanza

Mchana sigusi grainda, koo halistahimili. Nafanya kazi baada ya tarawehe, na hapo pia ni kazi za kimya, kwa sababu majirani wana watoto wachanga.

Bushi mpya zitakuwa za shaba nyeusi. Nimezipata kwa watu wa boti: bushi ndefu ya shafti ya panga, iliyotolewa kwenye boti ya uvuvi, imelika ndani lakini ukuta bado mnene. Miaka yote hiyo imekaa majini na haikuvimba. Nimeituma Unguja kwa meli kutoka Mkoani, kwa sababu mkereza wa hapa mashine yake imefungwa mwezi mzima. Maelezo nimeyaandika kwa kalamu ya rangi juu ya shaba yenyewe: vipande 8, nafasi sehemu 10 za mia, mfereji wa grisi ndani wa mzunguko, tundu moja la kupitishia.

Ramadhani, kumi la mwisho

Zimerudi, zimefungwa kwenye kitambaa cha kanga kama halua. Nimetoboa kila bomba la pini na kufunga nipeli ya grisi, kile kichuchu cha kusukumia grisi ndani. Unasukuma grisi mpaka itoke pande zote mbili, ile kola ya grisi inayobaki nje ndiyo mlinzi wa mchanga na chumvi. Ni kazi ya kurudia kila baada ya kuoga baharini. Nailoni ilichaguliwa na uvivu wangu wa kupaka grisi.

Wishiboni zinatikisika kidogo sana sasa, nywele moja. Zamani ningeona aibu.

23 Machi, Sikukuu imepita

Tumelipakia kwenye fuso, kwa sababu halina namba ya barabarani, hadi uwanda wa mawe upande wa Micheweni kwa mjomba. Kule ardhi ni jiwe la matumbawe lililochongoka, mtu hatembei bila viatu. Mbele limefanya nilichokichora kwenye plaiwudi. Nimesimamisha bin ami kando achungulie: tairi inapanda, kichwa kinalala ndani kidogo, pua haigeuki. Mara mbili lilining'inia, na hapo nikasikia mlio wa chuma: tairi ikishuka mwisho kabisa, shokapu ndiyo inayoizuia. Shokapu si mnyororo. Nitafunga mkanda wa mizigo wa lori kutoka fremu hadi wishiboni, ukazwe sentimita moja kabla ya shokapu kufika mwisho.

Mvua za masika zilitukuta wakati wa kurudi. Jioni nimeliosha kwa maji baridi, nimetia grisi nipeli zote 8, nimebonyeza pua. Limeshuka, limerudi.

Kabla ya safari nilipiga mstari wa rangi nyeupe kwenye kila nati, kutoka nati hadi chuma, ili nijue iliyolegea. Nimezikagua kwa tochi. Ziko 22, mistari 21 imenyooka. Nati ya kichwa cha tairodi, juu, kushoto, imehama milimita mbili. Kesho naanza na hiyo, na nitaitia pini.